Milundo Miwili ya Kadi

Makala ya utafiti ya mwanafunzi wa historia husomwa kwa nusu saa. Ni kurasa kumi na tano hivi, tanbihi chini ya kila ukurasa, orodha ya marejeo mwishoni, jina na namba ya usajili kwenye jalada. Asiyejua kazi iliyofanyika humo anaweza kudhani mwandishi alikaa kitako, akakumbuka anayoyajua, akayaandika. Nilipata bahati ya kumfuatilia mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu alipopewa kazi hiyo mpaka alipoikabidhi. Nilikuta ufundi kamili, wenye zana zake, malighafi yake na hatua zake, na wenye sheria moja inayotawala yote: sentensi isidai zaidi ya kile ambacho ushahidi wake unaweza kukibeba.

Kozi ilihusu uchumi wa Tanganyika wakati wa ukoloni, naye alichagua Mpango wa Karanga. Kisa chenyewe kinajulikana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Ujumbe wa watu watatu ukatumwa, ukiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika, na mwaka huohuo ukaandika ripoti. Februari 1947 serikali ya Uingereza ikachapisha mpango wake: ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, sehemu kubwa yakiwa Tanganyika. Kazi ikaanzia Kongwa, halafu ikaenda Urambo na Nachingwea. Januari 1951 mpango ukatangazwa kufutwa, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 36.

Swali la kwanza alilompelekea mwalimu wake lilikuwa fupi: kwa nini Mpango wa Karanga ulishindwa?

Mwalimu alilisoma, akamrudishia karatasi. “Hili jibu lake unalo tayari, mwanangu, na hujafungua faili hata moja. Niletee swali ambalo wewe mwenyewe hujui litakakokupeleka.”

Hapo ndipo ufundi ulipoanza. Alichukua karatasi safi, akaandika lilelile swali juu kabisa, kisha chini yake akaandika maneno matatu: wapi, lini, nani. Kwenye “wapi” akafuta Urambo na Nachingwea, ikabaki Kongwa. Kwenye “nani” akaandika mawaziri, akawafuta. Akaandika madereva wa matrekta, akawafuta. Akaandika vibarua, akasita kwa muda mrefu, kisha akawafuta nao, kwa sababu alijua wapo wanahistoria waliokwisha kuandika vizuri kuhusu vibarua wa mpango huo. Aliendelea hivyo kwa siku kadhaa. Kila alilolikata aliliandikia sababu pembeni, ili asije akarudi kulipigania tena wiki inayofuata. Mwisho likabaki swali hili: kabla ya Februari 1947, ni nini kilichokuwa kinajulikana kuhusu mvua na udongo wa Kongwa, na nani alikijua?

Lisome tena swali hilo uone lilivyopimwa. Lina mahali. Lina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo, ni mwezi ambao mpango ulichapishwa. Lina vitu viwili tu, mvua na udongo. Na nusu yake ya pili inafungua mlango ambao ile ya kwanza ingeuacha umefungwa, maana inakubali kwamba kujua kunaweza kuwa kwa watu wengi, si kwa waliokuwa na ofisi peke yao. Mwalimu alipoliona alitia sahihi bila kusema neno.

Hatua iliyofuata ilikuwa kusoma waliotangulia. Maktaba ya chuo ina sehemu ya East Africana, ambako machapisho ya Afrika Mashariki husomwa palepale mezani. Nilitazama jinsi anavyoshika kitabu. Hakuanza na sura ya kwanza. Alifungua nyuma, kwenye faharasa, akatafuta Kongwa, mvua, Ugogo, njaa. Alinakili namba za kurasa. Kisha alikwenda kwenye tanbihi za kurasa hizo, akaangalia mwandishi aliyapata wapi anayoyasema. Baada ya hapo ndipo akasoma maelezo yenyewe, taratibu, akiwa tayari anajua yamejengwa juu ya nini.

Kwa njia hiyo vitabu vilivyoonekana kukubaliana vilianza kutofautiana. Alan Wood, aliyekuwa mtumishi wa mpango huo, alitoa kitabu chake mwaka 1950, wakati shughuli zenyewe hazijafutwa. Ni shahidi wa karibu, na anaandika kwa uchungu wa mtu aliyekuwepo. John Iliffe, katika historia yake kubwa ya Tanganyika iliyotoka mwaka 1979, anautazama mpango kutoka mbali zaidi, ukiwa tukio moja katika safari ndefu ya kilimo na utawala. Matteo Rizzo aliichunguza Nachingwea na watu walioufanyia kazi mpango huo, akaonyesha kwamba yaliyotokea kusini hayaelezeki kwa neno “kushindwa” peke yake. Mwanafunzi aliandika kwenye daftari ukurasa mmoja kwa kila mwandishi: anauliza nini, anatumia vyanzo gani, ananyamaza wapi. Safu hiyo ya tatu ndiyo iliyojaa polepole zaidi, na ndiyo aliyoirudia mara nyingi. Mtu hawezi kuona ukimya wa kitabu mpaka awe amesoma vingine vya kutosha.

Karibu na vitabu hivyo aliweka kimoja chembamba cha Kiswahili. Mathias Mnyampala, ambaye wengi wetu tunamjua kwa mashairi yake, alichapisha mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Alikuwa Mgogo mwenyewe. Wanafunzi wengi wanaoandika kuhusu karanga humpita, kwa sababu hakuandika kuhusu karanga. Huyu alimsoma kwa makini kwa sababu aliandika kuhusu nchi ileile ambayo matrekta yalikuja kuilima, na aliiandika kwa macho ya mwenyeji.

Kabla ya kwenda kwenye nyaraka alitengeneza ratiba. Aliianza kutoka mwisho: tarehe ya kukabidhi, akarudi nyuma wiki moja kwa ajili ya kusafisha, wiki mbili za rasimu ya pili, mbili za rasimu ya kwanza, moja ya mpango wa aya. Kilichobaki mwanzoni ndicho kilikuwa muda wa kutafuta ushahidi, nao ulikuwa mfupi kuliko alivyotarajia. Hakulalamika. Alitengeneza orodha ya vitu vya kutafuta, akaipanga kwa umuhimu, akapiga mstari mwekundu mahali ambapo angelazimika kuacha hata kama kuna vingine vizuri mbele.

Nyaraka za Taifa ziko Upanga. Alikwenda na barua ya utambulisho kutoka chuoni, penseli mbili, kichongeo, na kadi tupu. Wino hauruhusiwi karibu na mafaili. Mama aliyekuwa zamu alimwonyesha katalogi, akamwambia, “Jaza fomu vizuri, binti yangu. Ukikosea tarakimu moja utaletewa shauri la mtu mwingine.” Alijaza kwa herufi kubwa, akazihakiki tarakimu moja moja kwa ncha ya penseli, akasubiri.

Faili la ofisi ya kikoloni lina mpangilio wake, na anayeujua huokoa siku nzima. Barua zimepangwa kwa tarehe na kupewa namba. Pamoja nazo kuna kurasa za madokezo, ambako maofisa waliandikiana kwa mkono: huyu anauliza, yule anajibu, mkubwa anaamua kwa mistari miwili na herufi za mwanzo za jina lake. Barua inayotoka nje husema kile ambacho serikali ilitaka kionekane. Dokezo huonyesha walivyofika hapo. Kwa hiyo alianza na madokezo, na kwenye kila dokezo alijiuliza mambo manne kabla ya kunakili chochote: nani anaandika, anamwandikia nani, lini, na alitaka nini kitokee baada ya kusomwa.

Wakati ule Kongwa ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpwapwa, kwa hiyo kumbukumbu zake hazikai chini ya jina lake. Ndivyo ilivyo kwa kazi hii: mara nyingi jambo limehifadhiwa chini ya jina la jirani. Aliomba kitabu cha wilaya, kile ambacho kila ofisa aliyefika aliongezea maelezo juu ya watu, machifu, mazao, maji na majira. Alisoma kwa uvumilivu maandishi ya mkono ya maofisa tofauti, akijifunza mwandiko wa kila mmoja. Palipokuwa na takwimu za mvua alinakili pia mahali zilipopimwa, kisha akaandika swali kwenye kadi ya pembeni: Mpwapwa imekaa chini ya milima, je, kipimo cha mvua kilichokaa Mpwapwa kinaweza kuisemea tambarare ya Kongwa? Hakulijibu siku ile. Aliliacha kwenye kadi yake, likisubiri ushahidi.

Inafaa nizieleze kadi hizo, kwa maana ndizo zana kuu. Kila kadi ilibeba jambo moja tu. Juu kulia aliandika anwani kamili ya chanzo: hifadhi, namba ya faili, namba ya barua, mwandishi, tarehe. Anwani iliandikwa kabla ya dondoo, kila mara, hata alipokuwa na haraka ya kukimbilia maneno yenyewe. Maneno ya chanzo aliyonakili neno kwa neno aliyafunga kwa alama za kunukuu zilizokolezwa. Muhtasari wa maneno yake aliuandika bila alama. Mawazo yake mwenyewe yalikwenda nyuma ya kadi, kamwe si mbele. Baada ya miezi miwili mtu hukumbuka sentensi nzuri na kusahau kama ni yake au ya mwingine. Yeye alikuwa ameweka ukuta kati ya hizo mbili tangu siku ya kwanza, na uaminifu wa makala yote ulisimama juu ya ukuta huo.

Wakati wa likizo fupi alisafiri kwenda Kongwa. Alipanda basi la Dodoma, akashuka Mbande, akachukua usafiri mwingine wa kuingia ndani. Tayari mwenyeji mmoja alikuwa amemwombea nafasi kwa mzee ambaye alikuwa mtoto mdogo wakati mashine zinafika. Alikuta ameandaliwa kigoda. Alisalimia kwa Kigogo alichofundishwa njiani, kisha kwa Kiswahili.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuuliza karanga, kama wenzako?”

“Hapana, babu. Nimekuja kuuliza mvua.”

Mzee alimtazama upya, akavuta kigoda chake karibu.

Alikuwa na maswali machache kwenye daftari, na hakuyasoma. Aliuliza baba yake alichaguaje mahali pa kupanda uwele na mahali pa kupanda mtama. Aliuliza mifugo ilipelekwa wapi kiangazi kikizidi. Mzee aliponyamaza, naye alinyamaza, na mara kadhaa kilichokuja baada ya kimya kilikuwa bora kuliko jibu la kwanza. Kwa kila jambo kubwa aliuliza kwa heshima: “Hilo uliliona, babu, au ulisimuliwa?” Akaandika tofauti hiyo pembeni ya kila mstari, herufi moja kwa la kuona, nyingine kwa la kusikia. Mzee alipotaja mwaka wa matrekta hakumlazimisha atoe tarehe. Alimuuliza kama alikuwa ameshaingia jando, na rika lake lilikuwa nani. Kwa majibu hayo na kumbukumbu za maandishi, jioni ile aliweza kukadiria umri wa msimulizi na kupima yapi angeweza kuyakumbuka mwenyewe. Kabla ya kuondoka alimsomea yote aliyoyaandika, akasahihishwa mara mbili, akashukuru.

Idara yake ina urithi katika kazi ya namna hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa chuo hichohicho walikwenda vijijini kukusanya simulizi za Vita vya Maji Maji chini ya mradi ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, na Isaria Kimambo aliiandika historia ya Wapare akitegemea kwa sehemu kubwa masimulizi ya wazee. Kizazi hicho kilionyesha kwamba kinywa cha mzee ni chanzo, na kwa kuwa ni chanzo kinastahili kuhojiwa kwa ukali uleule unaoelekezwa kwa barua ya gavana.

Aliporudi Dar es Salaam alizitandaza kadi zote juu ya meza, na hapo nikaona jambo lililonivutia kuliko mengine yote. Alizigawa katika milundo miwili. Wa kushoto ulikuwa wa ushahidi uliokuwepo kabla ya Februari 1947. Wa kulia ulikuwa wa yote yaliyosemwa baadaye. Kitabu cha Wood, chenye maelezo mengi na mazuri, kikaenda kulia. Maelezo maarufu ya udongo wa mfinyanzi uliokauka na kuwa mgumu kiasi cha kuharibu majembe ya mashine, kulia. Ukame ulioharibu mavuno baada ya kazi kuanza, kulia. Mlundo wa kushoto ukabaki mdogo, hata wa kusikitisha.

Nidhamu ya milundo hiyo ndiyo moyo wa kazi ya mwanahistoria. Sisi tunajua mwisho wa kisa. Tunajua karanga hazikuota kama ilivyoahidiwa, na ujuzi huo hurudi nyuma na kuwahukumu watu wa 1946 kana kwamba nao walikuwa nao. Mwanafunzi huyu alijinyima kila kadi ya kulia. Kama anataka kusema kwamba jambo fulani lilijulikana, ni lazima alionyeshe kushoto. Simulizi ya mzee ilimpa kazi ngumu zaidi, maana ilisimuliwa juzi lakini ilihusu maarifa ya zamani. Aliiweka katikati ya meza, kisha akaichambua kadi kwa kadi. Yale ambayo kitabu cha wilaya kiliyathibitisha kwa njia yake, yalisogea kushoto yakiwa na tahadhari. Yaliyobaki peke yake yalikwenda kulia.

Alikuwa ameanza na dhana kwamba wapangaji hawakujua kitu. Mlundo wa kushoto ulimkatalia. Ripoti ya Wakefield ilizungumzia mvua, na ilizungumzia udongo. Mtu mwenye haraka angeiweka kadi hiyo chini ya mlundo. Yeye aliiweka juu kabisa, akakaa nayo mbele siku nzima. Kadi inayopinga hoja ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote mezani, kwa sababu ndiyo peke yake inayoweza kuifanya hoja iwe bora. Jioni aligeuza kadi na kuandika nyuma yake: walijua wastani.

Kutoka neno hilo makala ikapata uti wake wa mgongo. Dodoma na majirani zake hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Wastani huo kwenye karatasi unaweza kutosha zao fulani. Lakini wastani huficha mwaka ambao mvua ilinyesha mwezi mmoja ikakoma, na mwaka ambao haikuja kabisa. Maarifa ya miaka hiyo mibaya yalikuwepo Ugogo, na yalihifadhiwa kwa namna iliyopangika: kila njaa kubwa ilipewa jina. Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa bado inatajwa kwa jina na watu wazima walioipitia wakati ujumbe wa 1946 unazunguka. Mwanafunzi aliona kwamba orodha ya majina ya njaa ni kumbukumbu ya mikengeuko ya mvua, yaani kile hasa ambacho wastani hauwezi kusema. Aliona pia kwamba mpango ulitafuta ardhi yenye watu wachache, ukauchukulia uchache huo kuwa nafasi, wakati uhaba wa maji ulikuwa sababu mojawapo ya watu kutojaa pale.

Ndipo akatengeneza mpango wa aya. Aliandika sentensi moja kwa kila aya, sentensi kamili yenye dai, na chini yake namba za kadi zitakazolibeba. Aya iliyokuwa na dai bila kadi aliifuta. Aya iliyokuwa na kadi tisa bila dai aliigawa au akaiacha. Kisha alisoma zile sentensi peke yake, kutoka juu hadi chini, kuona kama zinatembea: je, ya nne inahitaji ya tatu? Kama inaweza kuhamishwa bila mtu kugundua, haijakaa mahali pake. Alizihamisha kwa mkasi na gundi, kwenye karatasi halisi, mpaka kila moja ikashikana na iliyotangulia.

Rasimu ya kwanza hakuianza na utangulizi. Alianza na sehemu ya Mpwapwa na takwimu za mvua, ambayo ushahidi wake ulikuwa imara. Kutoka hapo aliandika kwenda mbele, kisha akarudi nyuma. Utangulizi aliuandika karibu na mwisho, alipokwisha kujua anamkaribisha msomaji kwenye nyumba ya namna gani. Katika kuandika, nilitazama zaidi vitenzi vyake. Ofisa “alidai”, pale alipokuwa na maslahi. “Aliandika”, pale ambapo kilicho hakika ni maandishi tu. “Alijua”, mara chache sana, na kila mara tanbihi ilifuata. Palipo na shaka aliandika “inaelekea” na akaeleza shaka inatoka wapi. Alipoandika “Wagogo waliamini”, alisimama, akafuta, akaandika ni nani hasa, kwa mujibu wa nani. Hakuna kadi moja inayoweza kulisemea kabila zima.

Tanbihi aliziandika sambamba na maandishi, sentensi kwa sentensi, wala hakuziahirisha mpaka mwisho. Baada ya rasimu alichukua kila tanbihi akaifuata kinyumenyume hadi kwenye kadi, na kutoka kwenye kadi hadi kwenye picha ya ukurasa aliyoruhusiwa kupiga. Tarehe, tahajia ya jina, namba ya barua. Kazi hii haina sifa, na hakuna msomaji atakayemshukuru kwayo. Aliifanya kwa utulivu uleule aliotumia kutafuta hoja. Tanbihi ni ahadi kwamba mtu mwingine akienda Upanga akaomba faili lile, atayakuta maneno yale.

Kisha ikaja kazi ya kukata. Alikuwa na aya moja nzuri sana kuhusu mashine: vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, na mnyororo wa nanga ya meli uliofungwa kati ya matrekta mawili ili kuangusha vichaka na miti. Kila aliyeisoma rasimu aliisifu aya hiyo. Lakini yote yaliyomo yalitoka mlundo wa kulia, na swali lake lilikuwa la kushoto. Aliisoma mara moja kwa sauti, akaitoa, akaiweka kwenye bahasha ya mambo ya siku nyingine. Hakuna sentensi iliyobaki ndani ya makala kwa sababu ya uzuri wake tu.

Rasimu ya mwisho alimpa rafiki wa kitivo kingine aisome kwa sauti huku yeye anasikiliza akiwa na penseli. Pale rafiki alipojikwaa aliweka alama, bila kumuuliza sababu. Sentensi ndefu zikagawanyika. Maneno ya kujionyesha yakatoka. Hitimisho likapunguzwa hadi aya mbili: kile ambacho ushahidi umeonyesha, na mipaka ya ushahidi huo, kwamba ni wa wilaya moja, kwa kipindi kimoja, na hauwezi kuisemea Urambo wala Nachingwea.

Alikabidhi siku moja kabla ya tarehe. Nilichukua nakala, nikaisoma kwa nusu saa, kama msomaji yeyote.

Kisa cha haraka kingesema kwamba wapangaji wa karanga hawakujua, na wote tungeridhika, kwa kuwa ujinga wa wengine hautudai chochote. Makala hii inasema jambo zito zaidi na imelithibitisha: maarifa yalikuwepo, yalikuwa na wenyewe, yalikuwa na mpangilio wake wa kuhifadhiwa, na walioyahitaji walishika wastani wakaona wametosheka. Umbali kati ya kauli hizo mbili unamhusu kila anayepanga mradi leo juu ya ardhi inayokaliwa na watu wanaoijua. Umbali huo ulipimwa na mwanafunzi aliyekubali swali lake lipungue mpaka ushahidi uweze kulijibu, na aliyeiacha juu ya meza ile kadi iliyompinga mpaka akaielewa.